Mfalme aliyekataa sebuleni kwetu

Saint-Josse, Jumapili, Novemba 2011

Mvua tangu asubuhi, ile ya Brussels isiyonyesha vizuri wala kukoma. Leo sikuwa kazini, na bado nimechoka kuliko siku za kazi. Ninaandika ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Wiki mbili zilizopita, kwenye soko la Jumapili la Gare du Midi, kati ya chaja na sufuria, niliona DVD za tamthilia moja ya zamani, ya mfalme wa Wazulu na Wazungu waliotua pwani kwake na zawadi na karatasi. Nikamnunulia papa, baba yangu, ninayeishi naye hapa. Tulipokuwa wadogo Lubumbashi, televisheni ya kiwanja chote ilikuwa moja, yetu. Tamthilia ilisema Kifaransa, na akina mama majirani hawakukijua, wala sisi watoto, basi papa alikaa kando ya televisheni akawatafsiria kila neno kwa Kiswahili. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, alikuwa mkalimani wa mahakama. Akianza kusema, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Leo baada ya misa tumefika mahali Wazungu wanapomfungulia mfalme karatasi ili wapewe ardhi ya pwani. Hapo napajua kwa moyo tangu utoto. Mfalme anakataa, anawafukuza, na akina mama wanapiga vigelegele hadi jirani wa nyuma anauliza nani kaolewa.

Mfalme hakukataa.

Nimesikia kwa masikio yangu, kwa Kifaransa ninachokijua sasa. Wanamwambia ni karatasi ya urafiki tu, naye anatia alama. Nikageuka kumtazama papa. Ana mtoto wa jicho, skrini haioni tena vizuri, lakini masikio ni yale yale, na mkono wake ulikuwa umeinuka kama zamani.

"Mufalme anakatala," akatafsiri. "Anabaambia barudie kwabo."

Sebuleni tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Nilicheka. Sekondari niliandika kwenye mtihani wa historia kwamba mfalme alikataa, nikapata sifuri, na yule mwalimu nilimchukia miaka mingi. Kumbe papa, ambaye mahakamani hakuwahi kuongeza wala kupunguza neno, nyumbani alidanganya kiwanja kizima ili watu waende kulala wakiwa wameshinda.

Sasa yangu.

Kwenye mkoba wangu kulikuwa na fomu, ina siku kumi humo. Ni ya nyumba ya wazee ya Berchem-Sainte-Agathe, pale pale ninapofanya kazi. Papa alianguka bafuni mwezi wa tisa, mguu haujapona. Mara mbili nimerudi nikakuta gesi imewashwa na yeye amelala. Tunakaa ghorofa ya tatu, bila lifti. Kila asubuhi naogesha wazee sita wa watu wengine kabla ya saa nne, kisha narudi huku kumwogesha wa saba, wangu, na mikono imekwisha. Mara nyingine namfokea. Nimeyaandika, yabaki hapo.

Kaka yangu ananipigia kutoka Lubumbashi kuniambia kwamba kwetu mzazi hatupwi. Hajamwogesha hata mara moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi nikasimamisha filamu, nikatoa fomu. Nilijiambia papa amefurahi, ndiyo saa yenyewe. Akaniomba nimsomee. Nikasoma jina lake, tarehe ya kuzaliwa, anwani. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba anahamia huko moja kwa moja na nyumba hii anaiacha kabisa, nikauruka mstari huo kama sijauona.

"Ni ya repos tu, ya kupumuzika, papa," nikasema. "Mpaka muguu ipone. Kisha unarudia hapa."

Karatasi ya urafiki.

Papa alipapasa ile karatasi, akaigeuza, akairudisha mbele yangu. Halafu akanyoosha mkono aombe kalamu.

"Mi nilitafsiria bantu myaka mingi," alisema polepole. "Minajua sauti ya muntu mwenye anaruka ma ligne."

Nikamtia kalamu mkononi.

"Umechoka, maman. Nionyeshe fasi ya kusinia."

Baba wa kwetu humwita binti yake maman anapotaka kumbembeleza. Nikamwekea kidole chake juu ya mstari. Akatia sahihi yake ya mahakamani, kubwa, yenye mkia mrefu, imepanda juu ya maneno yaliyochapwa. Kisha akaniambia nirudishe filamu, na hakutafsiri tena hata neno moja hadi mwisho.

Nimelia jikoni, bomba likiwa wazi ili asisikie. Lakini masikio yale, nadhani alisikia.

Fomu iko mbele yangu sasa. Lazima ifike kesho kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine, na orodha ni ndefu, naijua. Nikiipeleka, nitalala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. Naandika hivi na naona aibu, na usingizi huo bado nautaka.

Asubuhi, kabla ya kumwogesha, nitakaa kando ya kitanda chake nimsomee upya kutoka juu, pamoja na ule mstari. Sijui nitaitoa wapi sauti. Na akikataa, nitakwenda kwa mkurugenzi wa ile nyumba ya wazee nimtafsirie kama alivyosema papa, bila kuongeza wala kupunguza.