Filamu ya Taa Iliyogeuzwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa usalama wake. Umri: miaka 27. Kazi: mpiga picha za pasipoti. Makazi: ghorofa ya tatu, mkabala na ghala la vifaa vya umeme lililovunjwa.

Nimekuja kwa hiari yangu na naomba tuandike haraka.

Mlinzi wa ghala hilo ni baba yangu mdogo. Tangu asubuhi haonekani, na nyinyi mnamtafuta kama mwizi. Ushahidi wenu ni filamu yangu.

Mnamo Jumanne tarehe 14, kuanzia saa 1:30 hadi saa 3:30 usiku, nilikuwa kwenye roshani nikirekodi taa za mji kwa ajili ya filamu fupi ya majaribio. Haina watu wala maneno. Lenzi naivuruga makusudi ili kila taa iwe duara tu. Baba mdogo hunitania, "Wenzako wanatafuta picha ionekane, wewe unaiharibu kwa bidii." Usiku ule alinimulikia tochi mara mbili, ndiyo salamu yetu.

Nilihariri hadi alfajiri. Leo saa 1 asubuhi mama mdogo alinipigia akilia, ghala limevunjwa na mumewe hayupo. Nikamtumia filamu awaonyeshe kwamba alikuwa kazini. Sikufikiri. Saa 7 mchana akapiga tena: "Mwanangu, umetumaliza. Wanasema inamwonyesha akitoroka na wenzake."

Ni kweli, afande, mliona tochi ikiinuka nyuma ya ghala na kwenda getini. Lakini filamu ile inakwenda kinyumenyume. Niliigeuza yote, mwisho ukawa mwanzo, kwa sababu nilitaka taa za mji zichipuke kutoka ardhini. Uzuri tu, basi.

Rekodi halisi iko kwenye kadi hii niliyoiweka mezani. Saa 2:12 taa za gari zinafika getini. Tochi inakimbilia nyuma ya ghala, tochi nyingine mbili zinaifuata. Saa 2:14 inashuka ghafla. Pale kuna shimo la tangi la zamani. Zile mbili zinarudi bila yeye. Mwanga unabaki shimoni, unafifia, unazimika saa 2:55.

Sehemu hiyo niliirudia mara nyingi wakati wa kuhariri. Nilimwona baba mdogo akianguka, nikasema inapendeza. Najichukia.

Afande, unaniambia nieleze taratibu. Siwezi. Nyuma ya ghala hakuna aliyekwenda kutazama, kwa sababu filamu yangu iliwaambia ametoka kupitia getini.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, ni sahihi.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari aliyeandika: Nimeyakatiza maelezo haya kwa muda saa 8:20 mchana ili kutuma askari ghalani. Saa 8:50 mlinzi amepatikana shimoni, hai, mguu umevunjika. Kabla ya kuomba maji ameuliza kama geti limefungwa.