Sitaki Dawa ya Kuwaumbua Waliojificha

Mama Sikujua mpendwa, amahoro, amani iwe kwako. Nakuja kwako, mshauri wetu, na jambo ambalo sijamwambia mtu, na naomba unijibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana siku hiyo natakiwa hospitali, ama nikubali dawa ama nafasi yangu apewe mgonjwa mwingine.

Mimi ni mjane, nakaa Gatete, nilizaliwa mwaka wa uhuru, sitini na mbili, na tangu mwaka jana nina saratani ya damu, naongezewa damu mara kwa mara, nikipanda kutoka ufukweni napumzika njiani kama mtu aliyebeba mzigo, na mwanangu Radjabu amehangaika mpaka akanifikisha kwa daktari mmoja ng'ambo ya mpaka, mtu mpole, na huyo huyo mpole ndiye aliyenivuruga. Alisema seli za ugonjwa ni zangu mwenyewe zilizoharibika, nazo zimejua kujificha, zimefunika alama zao, basi askari wa damu wanapita mbele yao wakidhani ni za nyumbani. Akasema kuna sindano ya kuzifunua alama hizo. Radjabu akanifafanulia kwa furaha: "Mama, ile dawa inazitoa mu maficho moja moja, askari wanazitambua, wanazimaliza." Nikamwambia sindano hiyo siitaki, na mpaka leo sijampa sababu.

Sababu hata marehemu mume wangu hakuijua. Watu wote wananijua kama Mwamini, binti wa Bi Mwanvua wa mtaa wa Waswahili pale Rumonge. Bi Mwanvua hakunizaa. Mwaka wa sabini na mbili, vurugu zilipoanza huku kando ya ziwa na wanajeshi wakaja baadaye, wazazi wangu waliuawa, na sitaandika walikuwa wa upande gani, maana mwaka ule hakuna upande ambao haukulia. Kaka yangu Bukuru alijificha kwenye michikichi, akapita jirani aliyemjua vizuri, akamnyooshea kidole, na hapo ndipo alipokufa. Mimi nilikimbilia kwa Bi Mwanvua, aliyekuwa akija kununua mawese kwetu, akanifunga kanga, akanilaza kwenye mkeka pamoja na wanawe, na wanajeshi walipouliza akawajibu, "Huyu mutoto iko wangu, anaitwa Mwamini, iko na surua, musimusogelee." Wakaenda zao. Nikabaki Mwamini, nikafundishwa kusali, nikaolewa, nikazaa.

Sasa Mama, mtu aliyeishi kwa kufichwa atakubalije dawa ya kuwaumbua waliojificha ili askari wawamalize? Nahisi nikikubali, mwenye kunyoosha kidole safari hii ni mimi. Watoto wanadhani naogopa sindano, mkwe wangu ananicheka kwamba nimetekwa na waganga, na Radjabu chakula hakimpiti kooni. Na mimi sitaki kufa. Nina mjukuu anayeanza kutembea.

Mwamini, Gatete

Dada Mwamini,

Pole. Pole ya ugonjwa, na pole ya Bukuru, ambayo naona hakuna aliyewahi kukupa kwa sababu hakuna aliyejua umefiwa. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikatoka nje kwanza.

Nimerudi, na sasa nitakugombeza. Mtoto aliyejificha chini ya kitanda na mwizi aliyejificha chini ya kitanda, wote wamejificha. Je, utawahurumia sawasawa? Bi Mwanvua alisema uongo ili mtoto asiuawe. Ugonjwa huo unadanganya damu yako ili ukuue wewe, mtoto yule yule. Umeona kitu kinajificha, ukakimbilia upande wake bila kuuliza kinajificha kufanya nini.

Daktari naye ana lawama yake. Huku kwetu huwezi kumwambia mtu wa umri wako habari za askari na maficho ukategemea alale. Angesema paka na panya ghalani, tungekuwa tumemaliza.

Nimemuuliza daktari ninayemwamini, akanieleza hivi. Kila seli ina maagizo yale yale, ila mengine yamefungwa, kama duka lililoshushwa milango huku bidhaa zote zimo ndani. Ugonjwa umeyafunga yale yanayotoa alama za kuutambulisha. Dawa inalegeza kufuli, haivunji wala haiandiki upya kitu. Alama zikitoka nje, kinga ya mwili inaweza kuziona. Amesema pia, nami sikufichi, kwamba wataalamu bado wanalichunguza jambo hili, kwamba dawa haiwafai wote, na kwamba inaweza kukupa muda wa kuishi bila kukuponya kabisa. Muda nao ni kitu, kwa mtu mwenye mjukuu.

Kwa hiyo kidole hicho, dada, kinyooshe. Yule jirani alimnyooshea mtoto asiye na kosa. Wewe unaunyooshea ugonjwa, na Bukuru hakudai kitu kwa hilo.

Ijumaa nenda. Usitarajie nafuu kwa sindano za mwanzo, wengi hukata tamaa hapo na kurudi nyumbani, na wewe usirudi. Damu na kinga vitashuka kwanza, hivyo jitenge na wenye mafua, na homa ikikushika usingoje asubuhi kwenda hospitali, wala usianze na majani ya jirani. Huyo mkwe mwambie acheke akishapika.

Na kabla ya safari, mkalishe Radjabu umwambie sababu, umtajie na jina la mjomba wake. Wengine wataambiwa ukipenda wewe, na ukinyamaza hakuna wa kukudai. Lakini yeye amekubeba mwaka mzima bila kujua amebeba nini.

Mwaka wa sabini na mbili watu wazima waliamua kama utaishi au hutaishi, ukiwa umelala kwenye mkeka, na hakuna aliyekuuliza. Leo wamekuuliza. Wajibu kwamba unataka kuishi, kisha panda gari.

Mama Sikujua