Mkono wa Kaka Haukubana

Mwenzangu, jirani yetu fundi viatu anasema pambano la kaka ndilo lililofana kuliko yote leo. Eti aliigiza vizuri mpaka watu wakaamini ameumia.

Aliigiza!

Mieleka ile wanapanga, najua, kaka hufanyia mazoezi sebuleni kwetu. Anayeanguka akishikwa mkono na refa, anaubana kidogo. Maana yake mimi mzima, tuendelee.

Pambano la kwanza, yule mnene alibana. La pili, wale mapacha walirushwa nje ya kamba, wote wawili wakabana. Mimi macho yangu mikononi tu.

Kaka akanyanyuliwa, akabwagwa kwa shingo. Refa akamshika mkono. Akamshika tena. Mwenzangu, vidole havikusogea! Refa akatazama pazia la nyuma, aliposimama meneja wao, akahesabu tatu mbiombio. Ukumbi mzima unashangilia.

Sasa niko nje ya chumba chao cha kubadilishia nguo. Meneja anasema, "Dada, anapumzika, usituharibie onyesho."

"Anapumzika, mbona wewe unatetemeka?"

Meneja kaingia, kajifungia ndani.

Nimegonga, nimeita, "Kaka, ukinisikia gonga hata mara moja."

Dakika ya tano hii, sikio nimelibandika mlangoni.