Mwenzangu Alimchekesha Mama Yangu

Mama Amparo mpendwa, naomba msaada wako, wivu unanila na sina wa kumwambia. Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani kwenye klabu moja ndogo hapa mtaani kwetu Coyoacán, naigiza mjane anayeimba nyimbo za mariachi, zile za magitaa na tarumbeta, huku akiwasema wanasiasa, najifunga shali ya mama yangu na kutembea kama yeye, na watu wananipenda, ila mwezi uliopita sauti ilinikauka na Nicolasa, ambaye kazi yake ni kunifungulia onyesho, akashika nafasi yangu na kichekesho chake cha muuza tamale, ile mikate ya mahindi ya mvuke, anayemtaka gavana kimapenzi, nami nimekaa na mama nikingoja watu wachoke, kumbe mama anacheka mpaka machozi, mama huyu ambaye mimi nikiigiza hutulia kama yuko misani. Njiani akaniambia, "Mwanangu, yule msichana ana kipaji."

Basi Ijumaa nikamwambia Gildardo, mpiga piano wetu, apige wimbo wa kichekesho cha Nicolasa kwa noti za juu kuliko kawaida, nikadanganya kwamba mwenyewe ameomba, na kweli pale juu sauti ikampasuka, nikafurahi nyuma ya pazia, lakini yeye akawageukia watu akasema, "Samahanini, hiyo ni sauti ya mgombea akiulizwa maji yatatoka lini." Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Baadaye akanikumbatia: "Dada, lile kosa ni bahati, tuliweke kila siku." Gildardo, aliposikia neno kosa, alinigeukia akaelewa. Sasa mwenye klabu anataka onyesho moja la sisi wawili, Nicolasa anachekelea, na mimi nikimtazama natamani aumwe koo. Nikatae, au nikubali na ninyamaze?

Hortensia

Hortensia, pole, ingawa pole yangu ni ndogo. Kumwonea mwenzako wivu si ajabu, kila aliyepanda jukwaani anaujua. Kumtegea mtego ndiyo aibu, tena kwa mkono wa Gildardo ambaye hakukukosea kitu.

Kuhusu mama yako, hebu jisome. Unavaa shali yake, unatembea mwendo wake, ukumbi unaucheka, halafu unanuna kwa kuwa yeye hacheki. Kwa Nicolasa alikuja kutazama. Kwako ndiye anayetazamwa. Umewahi kumuuliza kama anapenda? Muulize leo, na akisema hapendi, tafuta mjane mwingine.

Kunyamaza usahau. Gildardo anajua, na maneno ya nyuma ya pazia hayakai siri. Kabla ya mazoezi mchukue Nicolasa mkanywe kahawa, umwambie ulichofanya, bila machozi na bila kumtaja mama yako. Akikasirika, mwache akasirike. Kisha mwombe Gildardo radhi mbele yake. Kama mtapanda jukwaani pamoja au la, hilo si lako tena kuamua, ni la Nicolasa. Akikubali, yeye ndiye afunge onyesho, nafasi ya heshima iliyokuwa yako. Akikataa, panda peke yako, uone kama unaweza kuchekesha watu bila mwenzako kuanguka.