Mshono Usio Wangu Kwenye Begi la Oresta

Jumamosi, mwezi wa pili, Malangali, Sumbawanga.

Mvua ilianza kabla sijawasha jiko, na sasa ni jioni bado haijaamua kukatika. Baridi ya leo ni ya sweta juu ya sweta. Cherehani nimeifunika tangu asubuhi. Sijashona hata pindo moja, na wateja wawili wameondoka wamenuna.

Mimi ni mtu wa kushuku, bora niseme mapema. Muuza samaki akiniambia ni wa leo, nafunua mashavu. Mtoto akisema tumbo linamuuma, nauliza leo kuna mtihani gani. Kazi ya ufundi imenizidishia. Mteja analeta gauni lililopasuka, anasema limenasa mlangoni, na mimi naona wazi kwamba limevutwa na mkono wa mtu. Huwa simwambii. Nashona tu, lakini moyoni nimeshaandika kesi nzima.

Oresta, binti yangu wa kwanza, ameanza kidato cha kwanza mwaka huu. Baba yake yuko Kasanga, ziwani, kwenye biashara ya samaki, migebuka, kwa hiyo mahitaji ya shule tuliyatafuta sokoni sisi wawili. Madaftari makubwa, mkebe, sweta, raba, jembe lenye mpini, fagio la chelewa, ndoo yenye mfuniko. Jembe nililigonga kwa kokoto nisikie mlio wake. Madaftari niliyafungua katikati, maana wapo wanaouza yaliyopungua kurasa. Mwenye duka aliniuliza kama mume wangu ni polisi au polisi ni mimi mwenyewe.

Tulivutana kwenye begi. Oresta alitaka la zambarau, jembamba, lenye vitu vya kung'aa. Nililigeuza ndani nje: mshono wa mstari mmoja, uzi wa kuoza, zipu inayokwama kabla ya kuanza kazi. Nikamchagulia la mtumba, la turubai, pana, rangi ya majani makavu, mishono miwili miwili kila pembe.

"Hili ni mpaka kidato cha nne," nilimwambia. "Halina kasoro."

"Sawa, mama."

Oresta akisema sawa bila kubishana, mimi sipati raha.

Nikampa na masharti. Usiache kitu darasani. Vitabu vyote viende na virudi, kila siku, pamoja na mkebe, raba na chupa ya maji, kwa sababu shuleni kuna mikono mirefu. Kila asubuhi nalipakia begi mwenyewe, na jioni nalikagua mwenyewe.

Basi Jumatatu ya wiki hii, katika kukagua, nikaona mshono usio wangu.

Chini ya kila mkanda, pale panapokaa begani, palikuwa na mto mdogo wa blanketi kuukuu, umeshonwa kwa uzi wa katani. Mshono wenyewe mrefu mrefu, wa kufungia gunia la mahindi. Hiyo ni kazi ya shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Mtoto wa fundi, begi lake limeshonwa na mtu mwingine! Nasema ukweli, kilichotangulia ni wivu. Hofu ilikuja baadaye, nilipoubonyeza mto wa kulia ukalia kwaru kwaru, kana kwamba ndani kumekunjwa kitu kikavu.

"Nani kakushonea hivi?"

"Rafiki yangu."

"Rafiki gani ana shazia?"

Akaangalia miguu yake. "Wa shule, mama."

Nikalinusa begi. Lilinuka moshi wa kuni, na sisi hapa tunapika kwa mkaa.

Mtoto anaingia nyumba ya mtu.

Tangu hapo nikawa naunganisha. Siku hizi anachelewa kurudi. Viatu vina tope jekundu, na barabara yetu ni ya changarawe. Halafu Jumapili iliyopita mzee mmoja alimsalimu kwa Kifipa nje ya kanisa, naye akamjibu moja kwa moja bila kujikwaa. Mimi na baba yake tunasema Kifipa pale tu tusipotaka watoto waelewe. Tangu lini anaelewa? Amesikia mangapi?

Njia ya mkato ya kutoka shuleni inapita Mollo. Na Mollo ndiko anakokaa mama mkwe wangu.

Sijawahi kugombana na mama mkwe. Shikamoo, marahaba, mvua zikoje huko, basi tumemaliza. Ni mtu wa kusema kidogo. Tangu baba mkwe afariki anaishi peke yake, analima ulezi wake na mahindi, na hajui kubembeleza mtu. Macho yake ni mekundu. Ni moshi wa jiko, najua ni moshi. Lakini kikongwe mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake, katika nchi hii yetu hapewi nafasi ya kujieleza.

Nikienda mikoa mingine nikasema natoka Sumbawanga, watu hucheka na kuniuliza nimekuja kwa basi au kwa ungo. Mimi hucheka nao, na wakati mwingine nawatisha kidogo kwa utani. Wiki hii sikuwa na utani.

Jumatano, baada ya sala ya jumuiya, nilimweleza Mama Zawadi. Ni jirani yangu, tumegawana ukuta, tumeleleana watoto. Nilijiambia namweleza ili anicheke aniambie niache ujinga. Si kweli. Nilitaka mtu wa kushuku naye.

"Usiufungue huo mto," alisema. "Usithubutu. Na mwanangu amemwona Oresta akitoka kwa yule bibi."

"Bibi gani?"

"Mama Oresta, usijifanye huelewi. Bibi yake."

Akasema anamfahamu mtaalamu, yaani mganga. Kwamba Jumapili baada ya misa angemleta, pamoja na vijana wawili watatu, waende Mollo kumuuliza tu yule mama. Kumuuliza tu, alirudia.

Sikusema ndiyo.

Wala sikusema hapana.

Kufikia jana, muuza mkaa, ambaye sijawahi kuzungumza naye chochote zaidi ya bei, aliniuliza begi la mtoto linaendeleaje. Mama mmoja nisiyemjua vizuri alinishika mkono akanipa pole. Hapo ndipo woga wangu ulipogeuka upande. Sisi wa hapa tunajua "kumuuliza tu" humalizikia wapi kwa mama mzee asiye na mtu nyumbani. Kuna waliohamishwa na watoto wao kimyakimya. Kuna ambao hawakuwahiwa.

Leo asubuhi Oresta alipokwenda mazoezi ya kwaya, nikachukua mkasi. Nilifanya ishara ya msalaba. Halafu, kwa kutouamini hata msalaba peke yake, nikavaa soksi mikononi. Mtu mzima, fundi, nimekaa sakafuni na soksi za mtoto mikononi, nafumua begi la shule. Nikikumbuka naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Ndani ya mto wa kulia kulikuwa na maganda ya mahindi, yale laini ya ndani, makavu, yamepangwa vizuri, na makapi ya ulezi ya kujazia. Niliyamwaga kwenye sinia nikayachambua moja moja. Nikafumua na wa kushoto. Humo mlikuwa na makapi matupu, ndiyo maana huo haukulia. Nikapekua mishono ya begi lenyewe. Nikapekua mfuko wa mbele. Hapakuwa na kitu, na bado nilikuwa natafuta.

Oresta akaingia, ameloa chapachapa, kwaya imeahirishwa kwa mvua. Aliona sinia. Aliona soksi. Hakulia, na nadhani ningependelea alie. Alivuta tu sweta na blauzi pembeni akanionyesha mabega. Kila bega lilikuwa na mchubuko mpana, uliokuwa kidonda na sasa umefunga gamba.

"Bibi aliniona napita nimeinama," alisema. "Akaniita."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ulisema halina kasoro."

"Na yeye ndiye aliyekwambia unifiche?"

"Alisema utaona anadharau kazi yako. Alisema, mama yako ni fundi wa mjini, mimi nina shazia tu." Kisha akaongeza, polepole, akiwa ananiangalia usoni, "Mama, vitabu vya Ijumaa mimi navibeba hata Jumatatu."

Nikavua zile soksi. Nilikuwa nimemkinga na wezi wa madaftari, na kumbe mzigo wa woga wangu ndio aliokuwa anaubeba kwenda na kurudi, mabega yakichubuka, huku mimi kila jioni nakagua zipu.

Nikakimbia na sinia kwa Mama Zawadi, mvua inaninyeshea. Nilifurahi kabisa, nilidhani mambo yamekwisha.

"Angalia," nikamwambia. "Maganda na makapi. Basi. Mtoto alikuwa na vidonda mabegani, bibi yake akamwekea mito."

Mama Zawadi alichungulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Makapi tu?"

"Makapi tu."

"Ndivyo wanavyofanya," akasema. "Wakijua utafungua, wanaweka makapi."

Nilibaki nimesimama uani kwake. Kungekuwa na kitu, bibi ni mchawi. Hakuna kitu, bibi ni mchawi hodari. Nilitaka kumtukana, lakini jinsi alivyosema, ule uhakika, ile sauti ya chini, vyote nilivijua. Ndivyo nilivyozungumza mimi Jumatano. Nilimwambia Jumapili asije na mtu yeyote. Akanijibu kwamba jambo hilo sasa si langu peke yangu, ni la mtaa.

Nikarudi ndani, nikalivaa begi likiwa na vitabu vyote kama ninavyolipakia, nikalifunika nailoni, nikashika njia ya Mollo kwa miguu. Nilitaka kumwonyesha mama mkwe kwamba nimejua. Kabla sijavuka mfereji mikanda ilikuwa imeshaanza kunikata, na mimi ni mwanamke wa kubeba ndoo na magunia. Nikakanyaga lile tope jekundu mpaka mlangoni kwake.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, mchana.

"Nani?"

"Mimi, mama. Mama Oresta. Shikamoo."

"Marahaba. Uko peke yako?"

Alipofungua nikaona mawe matatu ameyapanga karibu na jiko, makubwa kiasi cha ngumi. Hakusubiri niulize.

"Jana jioni walirusha juu ya bati," alisema. "Watoto tu."

Halikuwa jambo la watoto, naye anajua. Aliligeuza begi mgongoni mwangu, akapapasa mikanda mahali nilipofumua.

"Umekata vibaya," akasema. "Mkasi wako ni butu?"

Nilicheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Nikamwomba tuondoke pamoja, akae kwangu. Alikataa, ana kuku, ana ulezi shambani unaotaka kupaliliwa. Nikamwambia kuhusu Jumapili. Alichochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

"Wanachosema nakijua," alisema. "Hayo si mapya kwa mwanamke wa umri wangu. Nataka kujua nani alianza."

"Watu," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetarajia jibu hilo. "Basi ulezi utasubiri," akasema, akaenda kufunga nguo zake na kukamata kuku.

Sasa yuko jikoni kwangu. Kuku watatu wako chini ya cherehani. Yeye na Oresta wanazungumza Kifipa, wanacheka, na nimetega sikio hapa nihakikishe hawanisemi mimi. Hawanisemi. Ameomba blanketi kuukuu apate kushona mito mingine. Cherehani yangu ingeimaliza kazi hiyo kabla maji hayajachemka, lakini nimemwachia. Kuanzia Jumatatu vitabu visivyo vya siku hiyo vitabaki nyumbani, na mkebe utabaki darasani. Ukiibwa, umeibwa.

Baba Oresta nimempigia, anatafuta usafiri wa kupanda huku. Kesho mama mkwe atakaa nami benchi la mbele, na kabla ya matangazo kwisha nitaomba kusimama. Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini hakuna nililoliogopa kama kusimama mbele ya kanisa zima na kutaja jina langu mwenyewe, kwamba ndimi niliyeanza. Je, wataniamini? Watu wanaamini haraka ukishuku. Ukikanusha wanataka ushahidi.

Haya nayaweka hapa mtandaoni yasomwe na yeyote. Mama Zawadi, najua unasoma. Soma yote.

Lakini kanisani ni kesho, na mama mkwe amekaa jikoni leo, anakula ugali wangu. Nazima simu. Nakwenda kukaa kwenye kigoda karibu naye, nimwambie wale "watu" wanaitwa nani.