Sweta la Darasa la Tano

Marahaba, mdogo wangu Rehema! Najua umeniamkia kabla hujaanza kusoma.

Baridi ya Lushoto haina adabu. Sweta langu limeshindwa kazi, na kwa wenyeji wangu lililonienea ni moja tu, la shule, la mjukuu wao wa darasa la tano. Nikalivaa, nikavuta kofia mpaka masikioni, nikaenda sokoni.

Muuza peasi, binti mdogo tu, akanifokea kwa nyuma: "We mtoto! Unapita watu wazima bila shikamoo? Na shule leo huendi?"

Nikageuka, nikavua kofia. Mvi zote nje. Peasi ikamdondoka.

"Mungu wangu! Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutafiti mnavyotusemesha sisi watu wafupi. Umeshanijibu."

Akajifunika uso kwa khanga, kisha akacheka kuliko soko zima, akanivutia kigoda. Tumeongea mpaka peasi alizonipa za pole zikaisha.

Wabusu watoto. Na Mama mwambie, miaka yote hii ya kuniombea nirefuke inatosha. Sasa aniombee jua.

Dada yako,
Mwanaidi