Taa Mbele ya Bunduki

Mardi, 4 mwezi wa sita

Nimesafisha bunduki. Nimefua kombati. Nimekula maharagi ya jana. Posti yetu iko mwisho wa commune Ruwenzori, penye nyumba za Beni zinaishia na kakao inaanza. Joto. Mutu wa Butembo kama miye hazoee hii joto.

Carton ya taa imefika, taa za kufunga ku bunduki. Commandant ametukusanya. Hakutaja ule muzee, lakini wote tulijua. Mwezi uliopita muzee alitoka mu champ, shamba yake, jioni, jembe ku bega. Mwenzetu aliona jembe akafikiri ni bunduki. Akapiga.

Commandant amesema: "Sasa mutaangaza kwanza. Kidole kinakuja nyuma. Na mwenye anakimbia taa, ule ni adui."

Sergent Lokwa amenifundisha kufunga yangu. Ni mutu wa Mbandaka. Ananiitaka leki, mudogo wake. Miye namuitaka yaya, kaka mukubwa. Mu hii posti ni yeye peke mwenye hajaniuliza mwanamuke anatafuta nini mu jeshi.

Taa inakaa ku garde-main, ile mbao ya mbele yenye mukono wa kushoto unashikaka. Chuma chake cha kukamata kilikuwa kipana, kikawa kinacheza. Lokwa akakata kipande cha chambre à air, mupira wa ndani ya gurudumu ya pikipiki, tukakizungusha ku mbao, kisha chuma juu. Visi, zile skurubu, unakaza kidogo huku, kidogo huku. Ukizidisha, mbao inapasuka. Ukilegeza, bunduki ikilia mara moja taa inageuka, inaangalia chini.

Yangu haichezi. Nimefurahi kama mutoto.

Mercredi, 5

Leo kuwasha. Kuna kitufe cha nyuma: ukifinya, taa inabaki inawaka. Na kuna kipande cha mupira mwisho wa waya: kinawasha wakati unafinya tu. Ukiachilia, giza. Lokwa anataka tutumie hiki cha pili. Gundi yake haikushika ku mbao, tumefunga na scotch, utepe wa bafundi ya umeme, pale penye kidole gumba kinafikia.

Tumejaribu saa sita muchana ndani ya depot ya kakao, milango imefungwa. Finya. Angalia. Achilia. Sogea. Unasogea sababu mwenye kuangaza naye anaonekana. Lokwa alijificha nyuma ya magunia. Nikamupata usoni. Akafunika macho, anacheka.

Miye sikucheka. Taa inaangalia kule mudomo wa bunduki unaangalia. Ili nione uso wa mutu, lazima nimuelekeze bunduki.

Nimemuambia. Amejibu: "Njo vile, leki. Njo maana kidole kinakaaka inje ya kifyatulio."

Vendredi, 7

Mama amepiga simu kutoka Butembo. Papa na Kambale bamekamatwa na adui, waasi ba mu pori.

Balishuka juzi kuvuna kakao yetu, ngambo ya muto. Papa haachake ile champ. Kambale, ndugu yangu mudogo, alimusindikiza sababu pikipiki ni yake. Pikipiki imeonekana mu njia, imelala. Kakao imebaki chini ya miti, imepasuliwa nusu.

Niko saa moja ya mwendo na ile champ. Balipita karibu na miye na sikujua.

Samedi, 8

Hakuna habari. Sili.

Mama anapiga simu, ananiuliza miye. Anafikiri askari anajua.

Dimanche, 9

Sikuenda misa. Nimefungua ile taa, nimeifunga tena. Mikono inataka kazi.

Lundi, 10

Mama mumoja ametoroka, amefika ku posti, miguu imevimba. Amesema bafungwa bako wengi mu bonde lenye mianzi, bamefungwa kamba wawili wawili, banabeba mizigo ya adui. Amesema kuna muzee wa Butembo mwenye anakohoa, na kijana wake. Papa anakohoaka.

Tutaenda. Commandant hakutaka niende. Amesema mwenye kuwa na mutu wake kule, moyo unamutangulia. Lokwa akamuambia: "Chef, ni yeye peke mwenye anajua nyuso zao." Nimepona kidogo juu ya ile maneno. Nilimushika mukono. Aksanti, yaya.

Mercredi, 12

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika sababu nisipoandika nitafikiri niliota.

Tulifika mu bonde mbele jua halijatoka. Mianzi imefunga mbingu, ndani giza tupu. Lokwa kuume kwangu. Amri ilikuwa kunyamaza mpaka taa iwake. Adui bengi balikuwa bameondoka na mizigo, balibaki balinzi wachache. Balipiga mara kidogo, bakakimbia upande wa muto. Kisha kimya. Kisha kitu kikatikisika mbele yangu, chini.

Nikafinya.

Batu balikuwa bamelala kifudifudi, mikono imefungwa mbele. Mumoja akasimama. Aligeuka, akatupa mugongo ku mwangaza, akakimbia. Shati halikuwa na rangi tena. Nilimufuata na taa. Mukono wangu ulimufuata wenyewe, kama mu depot. Kidole changu kilikuwa inje. Nasema tena: kilikuwa inje.

Lokwa akapiga. Mara moja.

Nikarudisha taa ku bale balibaki. Uso kwa uso. Mama na mutoto. Kijana nisiyemujua. Na Papa. Macho yake yalijaa mwangaza, hakuniona. Alisema, "Chef, nihurumie. Chef, niko muzee." Papa wangu. Kwa miye. Na bunduki yangu inamuangalia usoni.

Nikaachilia taa. Nikasema, "Tata, ni miye. Ni Masika."

Nikapiga magoti kando yake.

"Kambale ako wapi?"

Mikono yake ilikuwa imefungwa. Alionyesha na kidevu. Kule mwenye alipigwa alikimbilia.

Jeudi, 13

Kambale alikata kamba yake na meno. Papa ameniambia ku hospitali, hapa Beni, bila kuniangalia. Adui balikuwa banabaambia kila siku: askari bakibapata, batabaua wote, sababu kwao kila mwenye kukaa mu pori ni adui. Papa hakuamini. Kambale aliamini. Alimunongonezea: "Papa, taa ikiwaka, nakimbia, nitakuja kukutafuta."

"Nilimukamata shati na vidole," Papa amesema. "Likaniponyoka."

Namuchukia Lokwa. Namuhurumia Lokwa. Mu saa moja, vyote viwili.

Samedi, 15

Tumemuzika Kambale Butembo. Baridi, ukungu, matope mekundu ku viatu vya batu wote. Wenzake ba pikipiki balikuja wengi, baliwasha moteri zote pamoja wakati sanduku linashuka. Kelele ile ilinisaidia. Nililia na hakuna mwenye alinisikia.

Mashangazi banauliza nani alipiga. Nimesema, vita.

Mama ameniangalia. Anajua sijamaliza kusema.

Mardi, 18

Lokwa amekuja. Peke yake, na pikipiki kutoka Beni, na nguo za raia. Sikumuita. Nilimuona ku lango nikataka kufunga.

Akapita mbele yangu mpaka kwa Mama, akapiga magoti mu kiwanja, mbele ya bamama benye balikuwa banatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, ni miye nilipiga. Hapana Masika. Miye."

Kinu kilinyamaza.

Mama hakulia. Aliweka muti wa kutwangia chini. Kisha akamuuliza, "Weye uko na mama?"

"Ndiyo, Mama. Ako Mbandaka."

"Anajua kitu ulifanya?"

"Bado."

"Umuambie. Umupatie jina: Kambale. Asali na ile jina. Miye kwa sasa siweze kusali." Akachukua muti wa kutwangia. "Sasa enda, mutoto wangu. Hapana kula hapa leo. Siku ingine, labda. Leo hapana."

Alimuita mutoto wangu. Sijui kama ni huruma ao ni kuzoea kwa mudomo. Nilimusindikiza mpaka ku barabara. Alipopanda pikipiki sikumupatia mukono.

Vendredi, 21

Nimerudi ku posti. Commandant ameniuliza kama ninataka niondolewe ile taa, ao nitumwe ku bureau.

Nimemuambia hapana. Bila taa tuliua muzee na jembe yake. Na taa tumeua Kambale. Taa inaonyesha mugongo. Haionyeshi juu ya nini mutu anakimbia.

Nimeomba kitu kimoja tu. Mbele ya kuwasha, mutu aite. Kwa sauti kubwa, kwa Kinande, aseme sisi ni nani, na bafungwa balale chini bila woga. Commandant amesema kuita ni kujionyesha kwa adui. Nimesema nitaita miye. Kama banapiga sauti, bapige yangu.

Kisha akasema, "Tutajaribu."

Lokwa amebadilishwa, ako upande ingine wa muji. Kitanda chake kina mwingine.

Lundi, 24

Tumetoka doria, tumerudi. Niliita mara mbili mu kakao ya batu. Mara ya pili mama mumoja na binti zake bakatoka polepole, mikono juu. Hata taa sikuwasha. Balikuwa bamelala mu champ juu ya woga wa kurudi nyumbani.

Nilikaa ku ukuta nikawaza: kama kungekuwa na mutu wa kuita siku ile. Ni wazo lenye halina mwisho. Naliacha linapita, linarudi.

Jeudi, 27

Mvua tangu asubuhi. Hatukutoka.

Simu imelia. Lokwa. Kila siku ananipigia na kila siku naiacha inalia. Leo nimeshika.

Mvua ilikuwa kwake pia, niliisikia.

Kisha akauliza, "Papa analala?"

"Analala kidogo. Muchana."

"Na weye, leki?"

Nilikaza simu ku sikio. Sikukata. Tulibaki vile, yeye kule, miye huku, mpaka unité zake za simu zikaisha.